Tulivyowafuturisha Watu wa Kisumu Kabla ya Magharibi

Mzee aliyepiga simu hakugomba. Alitoa salamu, akauliza kama amepata ofisi ya redio, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, redio yenu imetufuturisha na jua bado liko juu ya ziwa."

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika 47 jioni, Ramadhani ya Machi 2025. Mimi nilikuwa Nairobi, ghorofa ya nne, nimeshabeba begi niwahi matatu kabla mvua haijapandisha nauli. Yeye alikuwa Kisumu. Nikamwomba asubiri kidogo, nikafungua tena kompyuta, nikateremka kwenye orodha ya stesheni yetu ya Kisumu hadi nilipofika kwenye kipande kilichorushwa saa kumi na mbili na dakika 42. Kilikuwa sauti ya presenta wetu wa jioni ikisema jua limeshatua, magharibi imeingia, futari njema kwa wote waliofunga.

Siku hiyo Kisumu jua lilizama mnamo saa kumi na mbili na dakika 54.

Kampuni hiyo ya habari sitaitaja. Ilikuwa na stesheni tatu za Kiswahili, moja Nairobi, moja Mombasa, moja Kisumu, na mimi ndiye niliyekuwa mpanga ratiba: nyimbo, matangazo ya biashara na maneno ya watangazaji vyote vilipita mikononi mwangu kabla ya kwenda hewani. Kwa hiyo ninayoyachambua hapa si makosa ya jirani. Mkono wangu umo.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa sababu wasikilizaji wengi hawaijui, na nadhani wengine wangependa isiwe kweli. Sisi tunaita kutreki. Mtangazaji haketi studio saa nne. Anaingia kwenye kile chumba kidogo cha kurekodia, anavaa hedifoni, kompyuta inamchezea sekunde chache za mwisho wa wimbo mmoja na sekunde chache za mwanzo wa unaofuata, naye anasema maneno yake hapo katikati. Anabonyeza, wimbo mzima unarukwa, anajikuta kwenye pengo linalofuata. Kipindi cha saa nne chenye mapengo arobaini hivi mtu mwenye mazoea anakimaliza kwa dakika hamsini, huku chai haijapoa sana. Baadaye programu inashona yote, wimbo, sauti, wimbo, tangazo, sauti, na anayesikiliza ndani ya matatu pale Odeon anaapa kwamba dada yuko hewani.

Akimaliza ya Nairobi, anaanza ya Mombasa. Kisha Kisumu. Saa nne zenye mishahara mitatu zinageuka asubuhi moja ya mtu mmoja.

Sisemi kutreki ni uovu. Vipindi vya muziki wa usiku wa manane vilirekodiwa tangu enzi za kanda, na hakuna aliyeumia. Marekani ndiko jambo hili lilikovuma hasa, baada ya sheria ya mawasiliano ya 1996 kuondoa kikomo cha stesheni 40 kwa mmiliki mmoja nchi nzima. Kampuni ya Clear Channel ikapanda hadi stesheni zaidi ya 1,000, na sauti moja ikawa inasalimia miji ambayo mwenye sauti hajawahi kukanyaga. Huku kwetu hatukuhitaji sheria mpya. Tulihitaji tu matangazo ya biashara yapungue.

Kwetu ilianza hivi. Mtangazaji wa jioni wa Mombasa aliambiwa Januari kwamba kipindi chake "kinapangwa upya". Wa Kisumu alikuwa ameondoka kitambo, na nafasi yake haikujazwa. Akabaki dada wa Nairobi, mtoto wa Eastlands, mwenye sauti inayomfanya mtu aongeze redio badala ya kuipunguza. Bosi akamtumia ujumbe wa WhatsApp: "Dada, jioni utatusaidia kidogo na Mombasa na Kisumu." Hicho "kidogo" kilikuwa na posho ya shilingi 15,000 kwa mwezi kwa stesheni mbili, na hakikuwa na tarehe ya mwisho. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri akibadilisha masharti ya kazi ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha mabadiliko kwa maandishi. Sijui kama WhatsApp ni maandishi, lakini mashauriano yale sikuyaona.

Yule wa Mombasa nataka nimkumbuke kidogo, maana kisa kizima kimejificha kwenye mlango wake. Ramadhani zote alizofanya kazi pale alikuwa akiuacha mlango wa studio wazi kidogo, jambo ambalo fundi yeyote angelikataza. Mtaa wa pili kulikuwa na msikiti. Adhana ikianza, iliingia kwenye kipaza sauti kwa mbali, pamoja na honi za tuktuk, naye alisubiri, akasema "Bismillahi", akatia tende mdomoni. Wasikilizaji walimsikia akimeza. Kisha maji. Kisha wimbo. Kwenye karatasi za malipo jambo hilo halikuwa na safu yake. Liliandikwa tu: zamu ya jioni.

Mdhamini akaja. Muuzaji wa tende na mchele wa biriani, mteja mzuri, alitaka salamu za futari kila jioni magharibi inapoingia, kwenye stesheni zote tatu. Ofisi ya mauzo ikaniletea mstari mmoja: futari, jioni, mara tatu. Hakuna aliyeuliza magharibi ya wapi, nami sikuuliza.

Dada alikirekodi kile kipande saa nne asubuhi, nje jua likiwaka. Hakutaja mji. Vipande visivyotaja mji tulikuwa tunaviita "vya kote", na tulivipenda kwa sababu unarekodi kimoja, unakopi viwili. Nilikopi mimi. Nilikiweka Nairobi mnamo dakika ya 46, kwa sababu nilitazama kalenda ya Ramadhani iliyobandikwa karibu na mashine ya maji, kisha nikakiburuta hadi pengo lile lile la Mombasa na lile lile la Kisumu. Kazi ya sekunde kumi.

Saa ya Kenya ni moja kutoka Lunga Lunga hadi Busia, lakini jua halina habari na saa ya serikali. Linapita nyuzi moja ya longitudo kila dakika nne. Mombasa iko kwenye nyuzi 39.7 hivi mashariki, Nairobi 36.8, Kisumu 34.8. Ukipiga hesabu, Mombasa inaitangulia Nairobi kwa dakika kama 11, na Kisumu inachelewa kwa dakika kama 8. Hii si elimu ya chuo kikuu. Nyumba yoyote inayofunga inaijua, ndiyo maana kalenda ya Ramadhani ya Mombasa haibandikwi ukutani Kisumu. Aliyekuwa haijui ni kompyuta yetu, pamoja na mimi niliyeiendesha.

Lakini dakika nane si kumi na mbili. Nne zilizobaki zilitoka wapi? Hapa ndipo mtu wa redio atakapoinamisha kichwa.

Katika programu ya kurushia kuna vitu vinavyofungwa kwa saa na vitu vinavyofuata foleni. Taarifa ya habari imefungwa kwa saa: ikifika, wimbo unakatwa ukipenda usipende. Kipande cha mtangazaji kinafuata foleni: kinatoka pale wimbo uliotangulia unapokwisha, iwe ni saa ngapi. Nairobi ilikuwa na dakika nyingi za matangazo katika ile nusu saa ya kwanza. Kisumu haikuwa na wateja wengi, matangazo yake yakaisha upesi, foleni yote ikasogea mbele. Kipande kilichotakiwa saa kumi na mbili na dakika 46 kikatoka dakika nne mapema. Kwa maneno mengine, umaskini wa stesheni ya Kisumu ndio uliowafuturisha wasikilizaji wake mapema zaidi. Mombasa, yenye hoteli na maduka ya fanicha yanayotangaza kila jioni, foleni ilirudi nyuma, na kipande kikatoka wakati watu wameshaswali. Huko walicheka. Ujumbe mmoja niliusoma kesho yake: "Huyo dada wenu anafuturu saa ngapi? Hapa kaimati zimebaki tatu."

Kisumu hakukuwa na cha kuchekesha. Yule mzee alinieleza taratibu. Mjukuu wake alikuwa karibu na redio, akasema, "Babu, imeingia." Wakaanza. Tende ya kwanza ilikuwa mdomoni alipotoka mlangoni kunawa, akaliona jua. Wengi wa wanachuoni, na madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Kenya, wanasema aliyefungua akidhani jua limezama, kisha ikabainika bado, hana dhambi lakini siku hiyo atailipa. Kumfuturisha aliyefunga ni thawabu kubwa. Sisi tuliwafuturisha watu, tukawaachia deni.

Hakutaka fidia. Alitaka kuongea na dada.

"Dada hayupo, mzee wangu."

"Ametoka sasa hivi? Si nimemsikia?"

"Alirekodi asubuhi."

Kimya. Nilisikia sahani upande wa pili, na mtoto akiambiwa ateme.

"Sasa asubuhi," akasema, "alijuaje kuwa jua limetua?"

Sikuwa na jibu, na kabla sijatafuta la uongo niliona kwenye orodha kipande cha pili kinakuja. "Natumai mmefuturu vizuri." Kilibakiza dakika mbili na nusu. Nikataka kukitoa. Ili kuigusa orodha ya Kisumu ikiwa tayari hewani nilihitaji nywila ya fundi. Fundi alikuwa ndani ya matatu kuelekea Kangemi, simu imezimika. Studio ya Kisumu yenyewe ilikuwa na askari wa mlangoni tu. Kijana wa mitambo huondoka saa kumi na moja. Nikapiga simu ya askari, akaniambia chumba kimefungwa na ufunguo hana. Kwa hiyo nilikaa nimeshika simu mbili, na kupitia ile ya mzee nikaisikia redio yake ikisema, kwa sauti tamu isiyo na wasiwasi wowote, natumai mmefuturu vizuri.

Mzee akasema, "Haya." Akakata.

Mkutano wa kesho yake ulikwenda kama mikutano hiyo inavyokwenda. Mauzo wakasema wao walileta tu ombi la mteja. Fundi akasema programu ilifanya ilichoambiwa, na alikuwa sahihi. Mkuu wa vipindi akamgeukia presenta: mtu mzoefu kama yeye hakujua kwamba Kisumu jua linachelewa? Yeye, ambaye hafungi na wala hajawahi kulala Kisumu usiku mmoja, akajibu, "Mnaniuliza mbona sikujua saa ya Kisumu. Kuna aliyeniambia niko Kisumu?"

Hapo palinyamaza, na kwa maoni yangu uchambuzi wote ulipaswa kuanzia hapo. Kwa masikio yake alikuwa ndani ya chumba kimoja kisicho na dirisha akisema maneno arobaini. Sisi ndio tuliomtawanya. Lakini tulipomtawanya tulitawanya mdomo peke yake. Mtangazaji wa kweli wa Mombasa, yule wa mlango wazi, alikuwa mdomo na sikio pamoja, na siku tulipomwondoa tulidhani tumeondoa mdomo tu kwa sababu ndio unaosikika. Kilichokosekana Kisumu jioni ile si sauti nzuri. Sauti ilikuwepo, nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo pale. Hakukuwepo mtu yeyote anayeisikiliza stesheni ile akiwa na uwezo wa kuizima.

Watu wa kazi hii hupenda kutaja kisa cha Minot, mji mdogo wa North Dakota. Usiku wa kuamkia 18 Januari 2002 treni ilianguka nje ya mji, amonia ikavuja, mtu mmoja akafa na wengi wakaumia. Stesheni zote sita za biashara za mji ule zilikuwa za Clear Channel, na polisi walisema walipiga simu wasipate mtu. Kisa husimuliwa kama hadithi ya roboti aliyeendelea kucheza muziki. Ukikichimba, kampuni ilidai mtu alikuwepo zamu, na ikabainika kwamba mtambo wa tahadhari wa upande wa mamlaka haukuwa umeunganishwa ipasavyo. Wanaosimulia hukata sehemu hiyo kwa sababu inaharibu utamu. Mimi naona ndiyo yenyewe: mdomo ulikuwepo, hata mtu huenda alikuwepo, lakini njia ya kumfikia haikuwepo. Ni askari wangu wa Kisumu asiye na ufunguo.

Na sisi Wakenya tunajua jinsi mambo yalivyobadilika. Alfajiri ya 1 Agosti 1982 wanajeshi walioasi walimtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake wakampeleka Sauti ya Kenya awatangazie mapinduzi, kwa sababu redio bila mtangazaji ilikuwa chumba kitupu. Leo wangehangaikia nywila ya fundi.

Nirudi kwenye kazi. Tulirekebisha mambo mawili kwa urahisi na la tatu kwa taabu.

Salamu za futari tuliziondoa kwenye foleni, tukazifunga kwa saa, kila mji na saa yake. Mara ya kwanza nilitaka kuchukua saa ya Nairobi nikatoe 11 huku na kuongeza 8 kule. Nilimpigia yule mzee kumuuliza, kwa heshima zote, shikamoo kwanza. Akacheka. "Mwanangu, usitufanyie hesabu. Chukua kalenda ya msikiti wa hapa." Nikachukua. Halafu fundi akagundua kwamba saa ya seva ya Kisumu ilikuwa mbele karibu dakika nzima, kwa kuwa haikuwa imeoanishwa tangu intaneti ilipobadilishwa. Kabla ya hapo ningeapa kwamba saa ya kompyuta haikosei.

La pili lilikuwa karatasi niliyoibandika kwenye chumba cha kurekodia: maneno yasiyoruhusiwa kwenye treki. Sasa hivi. Jua. Mvua. Barabara iko shwari. Jioni hii. Imefanya kazi, ingawa siipendi. Tangu ibandikwe dada amekuwa akisalimia "popote ulipo", na mtu anayesema popote ulipo kila baada ya nyimbo tatu mwishowe anasikika kama hayupo popote. Wale tuliolelewa na "saa moja kamili, Afrika Mashariki" tulikuwa tukirekebisha saa za mkononi kwa neno la mtangazaji. Sasa nimemkataza asitaje saa.

La tatu lilikuwa sikio. Niliomba mtu mmoja Kisumu, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, mwenye ufunguo, nywila na ruhusa ya kukata. Mauzo ndio walioniokoa, maana mdhamini alitishia kuondoka. Kijana wa mitambo akapewa shilingi 500 kwa jioni hadi mwisho wa mfungo.

Jioni ya tisa mvua ilipiga Kisumu vibaya. Treki ya dada ilikuwa inasema kitu kuhusu wikendi. Kijana, ambaye hakuwahi kutangaza hata harusi, akaizima, akafungua kipaza sauti. Nilikuwa nasikiliza kwenye simu. Kwanza zilisikika sekunde kama tano za pumzi. Kisha: "Eeh… samahani. Kuna mti umeanguka Kondele, barabara imefungwa. Kama unakuja mjini usipite hapo. Mimi nimepita, nimeloa." Akanyamaza, hakujua anamalizaje. Akaweka wimbo, tena wa katikati, umeshaanza kuimba.

Jumbe zilizoingia ndani ya nusu saa iliyofuata zilikuwa nyingi kuliko za wiki nzima. Watu wa Kondele walimsahihisha: miti ni miwili. Mwenye bodaboda akasema pitieni nyuma. Mama mmoja aliuliza kama huyo kijana amepata sweta. Akasoma zote hewani, akikosea majina, hadi saa mbili.

Mkuu wa vipindi alinipigia kesho yake. Nilidhani ni pongezi. Aliuliza nani alimruhusu asiye presenta kuzungumza hewani, kisha akauliza, kwa sauti tofauti kidogo, kama ile nusu saa ilirekodiwa.

Idd ilipopita, pesa za mdhamini ziliisha, na zile 500 zikaisha nazo. Kijana akarudi kuondoka saa kumi na moja. Ufunguo, baada ya mabishano, aliachiwa askari. Mlango wa studio ya Mombasa ulibadilishwa, sasa ni ule mzito wenye mpira pembeni, haupitishi kitu.

Yule mzee bado hupiga simu mara mojamoja. Jua ameshaacha kunitajia. Wiki iliyopita alitaka kujua tu kama yule kijana wa Kondele atarudi.